Shimizi Nyekundu

Sosthenes aligonga nguzo ya duka lake mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimtazama. Nguzo haikuwa imehama. Ilikuwa palepale alipoichimbia mwaka aliofungua duka lake la pembejeo hapo Nyololo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kilichotokea ni kwamba alikuwa anarudisha gari nyuma, na kwenye kioo cha pembeni akamwona mkewe Faustina amesimama mlangoni mwa duka, anaongea na simu na kucheka. Tena si kucheka kidogo, amejishika kiuno kabisa. Sosthenes akaanza kujiuliza ni nani huyo anayemchekesha mke wa mtu kiasi hicho, na kabla hajapata jibu, gari likalia kwa nyuma kama debe lililokanyagwa.

Aliyepiga simu alikuwa Happy, mdogo wake Faustina anayeishi Igowole. Lakini hilo lilijulikana baadaye, bonde likiwa limeshaingia ubavuni, kuanzia kwenye taa ya nyuma mpaka karibu na mlango.

Faustina alikuja, akalitazama bonde, akamtazama mumewe. "Pole, Baba Joyness. La muhimu hujaumia," akasema, akaingia ndani kumtengenezea chai. Sosthenes akainywa chai yenyewe huku akiilaani nguzo.

Lingekuwa gari la siku zote, bonde lingekaa hata mwaka. Ila huyo Happy alikuwa anaolewa, harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili, na Sosthenes ndiye aliyesimama mbele ya kamati, akajikohoza, akatangaza kwamba gari la bibi harusi watu wasihangaike, lipo. Mark Two yake nyeupe, yenye weupe ule wa lulu unaomeremeta hata siku ya mawingu. Kamati nzima ilipiga makofi. Kwenye kundi la WhatsApp wakamtumia maua. Sasa bibi harusi angepelekwa kanisani na gari lililoliwa ubavu?

Palikuwa na jambo jepesi la kufanya, kumtafuta fundi, na jambo hilo likawa zito kwa sababu ya jina la mtu mmoja.

"Peleka Iringa kwa Adrian," Faustina alisema jioni ileile. "Nyeupe hii si ya kawaida. Wengine wataikosea."

Adrian! Sosthenes alikiweka kijiko chini.

Hapana budi msomaji ajue huyu Adrian ni nani, maana ndani ya nyumba ile jina lake lilikuwa na uzito wake. Ana gereji Ipogolo, chini ya mlima, kabla hujaanza kupanda kuingia Iringa mjini. Ni bingwa wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, hakuna dereva wa njia hii asiyemjua. Ana mazoea yake pia: kabla ya rangi yenyewe hupaka rangi ya chini nyekundu, iliyoiva kama tofali, wakati mafundi wengine wote hupaka ya kijivu. Yeye husema nyekundu inazuia kutu. Watu wamelifanya utani. Gari lililopita kwa Adrian, husema, limevalishwa shimizi nyekundu, halafu hucheka.

Sosthenes hakuwahi kucheka. Zamani, Faustina akisoma chuo cha ualimu Iringa, huyohuyo Adrian alimpenda, na akapeleka posa kwao. Baba yake Faustina alikuwa mzee wa usharika, Mlutheri wa kwelikweli, na Adrian ni Mkatoliki. Posa ikarudi ilikotoka. Mwaka uliofuata akaja Sosthenes, Mlutheri, mwanakwaya wa sauti ya nne, akakubaliwa kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo anaishi na swali moja tumboni: alichaguliwa yeye, au lilichaguliwa dhehebu lake? Hakuwahi kumuuliza mkewe. Alikuwa anaogopa jibu, na aliogopa zaidi kwamba siku moja Faustina naye angejiuliza swali hilohilo, akapanda basi la kwenda Iringa asirudi.

"Nitanyoosha mwenyewe," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani hao mafundi walizaliwa na nyundo mkononi? Gharama zote hizo za nini?"

"Baba Joyness, usiliguse. Nakuomba. Litabeba bibi harusi hilo."

Kama Faustina angesema mara moja akanyamaza, huenda Sosthenes angelala nalo, akaamka na akili nyingine. Lakini alirudia asubuhi. Akarudia wakati wa chakula. Akamtuma hata Happy apige simu: "Shemeji, si umpelekee tu yule fundi wa Ipogolo?" Kila waliposema fundi, Sosthenes alisikia kitu kingine. Alisikia mwanamke anayetafuta sababu ya kufika Iringa. Na gharama, niseme ukweli kwa niaba yake, haikuwa sababu hata kidogo. Asingevumilia kumtazama Adrian akilipapasa gari lake, akitikisa kichwa, akimwambia lini aje kulichukua.

Basi akaanza. Alitazama video za fundi mmoja wa Kihindi kwenye simu mpaka bando likaisha. Akaazima kompresa kwa Gerson, seremala wa pale Nyololo, ambaye huitumia kupulizia vanishi kwenye makabati. "Kabati halikimbii barabarani, jirani," Gerson alimtania, "lakini chukua." Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mabanzi ya misonobari, akaliingiza gari humo, akavua shati, akabaki na fulana.

Na haki yake tumpe: bonde lilitoka. Aligonga kwa ndani huku ameshikilia kipande cha mti kwa nje, polepole, bati likaanza kurudi. Mpaka jua la saa kumi lilipopenya kwenye mabanzi, ubavu ulikuwa umekaribia kunyooka. Sosthenes alizunguka gari, akajipongeza kwa sauti, akajiona amemshinda mtu asiyejua hata kwamba anashindana naye.

Kesho yake akashika msasa. Yule Mhindi wa kwenye simu alisema usiishie kwenye bonde, vuka, parua mpaka kwenye paneli ya jirani ili rangi mpya ishikane na ya zamani. Sosthenes akavuka, akaingia kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, mlango ambao nguzo haikuugusa. Akaparua. Weupe ukapauka, ukawa kama maziwa yaliyotiwa maji, kisha ukaondoka, na chini yake ikatokea nyekundu.

Alidhani amejikata. Aliangalia vidole vyake, vilikuwa vizima. Akaparua tena, nyekundu ikapanuka, ikafika upana wa sinia, na katikati ya sinia hilo likatokea tabaka la puti, ule udongo ambao mafundi huzibia mabonde. Nyekundu ya tofali. Nyekundu ambayo kuanzia hapo mpaka Iringa mjini hupakwa na mkono mmoja tu.

Msasa ukamdondoka.

Gari hili alilinunua likiwa safi, akalikagua mwenyewe inchi kwa inchi, na tangu hapo hakuwahi kulipeleka kwa Adrian wala kwa fundi yeyote wa rangi. Basi shimizi hii imeingiaje? Kumbukumbu ikamjia yenyewe, bila kuitwa. Mwaka juzi alikwenda Uyole, kule Mbeya, kufuata mbegu za viazi, akakaa wiki nzima, gari akamwachia Faustina awe anaendea shuleni Igowole, anakofundisha. Aliporudi alilikuta linang'aa. "Nimeliosha," Faustina alimwambia. Naye akamsifu! Akamwita mke bora mbele ya wateja!

Mtu mwingine angetoka bandani, akaingia jikoni, akauliza. Jikoni palikuwa karibu, harufu ya maharage ilimfikia pale alipo. Sosthenes hakuuliza. Sosthenes hununa. Watu wengine wana hasira za kupiga kelele, wengine za kuvunja vyombo. Yeye hufunga mdomo na kuuweka kufuli. Anaweza kumsalimia jirani, akamsalimia mbwa wa jirani, akampita mkewe mlangoni kama anapita kwenye pazia. Na hujisifu moyoni kwamba yeye ni mtu mpole, hajawahi kumnyanyulia mwanamke mkono.

Faustina alipokuja kuanika nguo aliuona ule wekundu kupitia mlango wa banda. Alisimama na shuka mbichi mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Akafungua mdomo. Sosthenes akamgeuzia mgongo, akaendelea kuparua. Yule mwanamke akaanika shuka lake, akarudi ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa za ukimya. Chakula kililetwa, kikaliwa, sahani zikaondolewa. Sosthenes alifanya kazi na wivu wake wakiwa wawili bandani. Kwenye mawazo yake alimwona Faustina ameketi kwenye benchi pale Ipogolo. Je, alinunuliwa soda? Alivaa nini siku hiyo, lile gauni la bluu? Na Adrian, alikuwa anapaka rangi anatazama gari au anatazama kwingine? Na walipomaliza, walicheka pamoja, wakamcheka yeye aliyekuwa Uyole anahesabu viroba vya mbegu? Kila aliposhika puti kuziba alama za nyundo, aliipaka nene kupita kiasi. Ule wekundu ulimkodolea macho. Shimizi nyekundu, ndani ya gari lake, na yeye amekuwa akiliendesha miaka yote miwili, anapungia watu mkono!

Siku ya kupiga rangi, ukungu wa Mufindi ulishuka asubuhi ukagoma kuondoka. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mwenye akili angesubiri, lakini harusi ilikuwa Jumamosi, na mtu aliyenuna hana wa kumshauri. Akawasha kompresa, akapulizia. Rangi iliyotoka ilikuwa nyeupe, haina lulu, nyeupe ya ukuta wa zahanati. Na haikukauka. Aligusa baada ya muda, kidole kikanata. Akasubiri, akagusa tena, kikanata. Uso wa rangi ukaanza kufifia, ukapoteza hata ule mng'ao mdogo uliokuwa nao.

Hapo Sosthenes akafanya jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam asingeliwaza. Kwetu huku kwenye baridi, kitu kisichokauka hupelekewa jiko la mkaa. Soksi za mtoto, unga wa ngano ulioota unyevu, godoro, mwenye mafua, wote dawa yao ni jiko. Akaenda jikoni, akalibeba jiko likiwa na mkaa uliowaka, akaliweka chini ya ubavu wa gari, akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kupepea.

Majivu yakanyanyuka. Yalipanda kwa utulivu, yakaelea, yakatua kwenye rangi mbichi, punje kwa punje, mpaka ubavu wote ukawa kama ugali uliodondokea jivuni. Sosthenes akapepea zaidi ili yaondoke.

"Thina! Baba Joyness, thina!"

Faustina aliingia bandani mbio. Kopo la thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, lilikuwa wazi, hatua moja kutoka kwenye moto. Hakutafuta kitambaa. Alilishika jiko kwa mikono yake, akalikokota mpaka nje, akalipindua kwenye matope, mkaa ukalia. Kisha akachuchumaa, vidole amevitia kinywani, machozi yanamtoka kwa maumivu.

Sosthenes alisimama na mfuniko wake. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na mengine ni mafupi sana. Hakusema hata moja. Akampita.

Alfajiri ya siku iliyofuata aliondoka na gari kwenda Iringa. Alijiambia anakwenda kwa sababu ya harusi. Uongo. Alikuwa anakwenda kumtazama yule mwanamume usoni.

Alimkuta Adrian kwenye uwanja wa gereji yake, mtu mnene kidogo, kipara kimeanza, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Sosthenes alikuwa amejiandaa kwa mwanamume mwingine kabisa.

"Kamwene, kaka," Adrian alimsalimu. Kisha akaliona gari, akavaa miwani. Alipitisha kiganja kwenye majivu. "Uliweka jiko?"

"Niliweka."

"Na thina ipo?"

"Ilikuwepo."

"Mungu anakupenda wewe." Akaendelea kuzunguka, akafika kwenye mlango wa nyuma, akainama.

"Hiyo nyekundu ni yako," Sosthenes alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, nayo ikamuudhi.

"Ni yangu."

"Nataka kujua siku hiyo ilikuwaje."

Adrian alivua miwani, akaifuta kwa fulana, akaifanya chafu zaidi. "Mwalimu alilileta mwaka juzi. Alikuwa amekwaruza geti la shule. Jambo dogo. Lakini aliposhuka alikuwa analia, kaka, analia mpaka mimi nikadhani amegonga mtoto. Nilizunguka gari natafuta damu."

"Kwa nini alileta kwako?"

"Na mimi nilimuuliza. Maana tangu yale mambo ya posa hatukuwahi kuonana. Akasema anataka mtu atakayeifananisha rangi wewe usijue." Adrian aliiachia miwani ining'inie. "Mke wangu ndiye aliyemkalisha ndani, akampa uji. Mimi nikamuuliza, samahani lakini, nilimuuliza: bwana wako anakupiga? Akasema hapana, hajawahi."

"Sijawahi!"

"Ndivyo alivyosema. Nikamwambia, basi unaogopa nini, mlango tu huu? Akasema, 'Ananuna.' Akasema ukinuna, nyumba inakosa hewa. Mtoto anatembea kwa vidole vya miguu mpaka umalize, na hakuna anayejua utamaliza lini."

Lori lilipita barabarani likashika breki kwa kishindo. Sosthenes alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga kuanzia Mafinga, na sasa hakuyaona. Angepaswa kufurahi. Hapakuwa na soda, hapakuwa na gauni la bluu, hapakuwa na kicheko. Palikuwa na mke wa Adrian na uji. Lakini wivu haukumtoka. Ulimng'ang'ania zaidi, ukamuuma mahali papya. Miaka yote hiyo Faustina hakuwahi kulia mbele yake. Aliamini ni mwanamke mkavu wa machozi, akamsifia kwa hilo. Kumbe anayo, na alisafiri nayo mpaka Ipogolo, akayamwaga mbele ya mwanamume huyu mwenye kipara, akamweleza mumewe ni mtu gani. Adrian alimjua Faustina kwa upande ambao yeye Sosthenes hakuwahi kuonyeshwa. Alitamani kumpiga ngumi. Alitamani pia kumwomba amwambie mengine aliyoyasikia.

"Ijumaa litakuwa tayari?" ndicho alichoweza kuuliza.

"Nitakesha nalo. Ila nitaanza upya, kuanzia nyekundu."

"Anza upya."

Alirudi kwa basi. Alifika Nyololo giza likiingia, akamkuta Faustina sebuleni, vidole vyake viwili amevifunga kitambaa. Mara tu aliposikia mlango, Faustina alinyanyuka. Akapunguza sauti ya redio. Akasogeza kiti cha mumewe, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. Sosthenes alikuwa ameyaona hayo kila siku ya ndoa yao, na kila siku aliyaita heshima. Leo aliona ni mtu anayekimbia huku amesimama.

"Nimeliacha kwa Adrian," alisema. "Ameniambia."

Faustina akasimama wima, mikono kwenye kitambaa cha meza, akisubiri. Sosthenes akaisikia ile hali ikija, kutoka kifuani kupanda kooni, ile ladha yake aliyoizoea, kufuli likitafuta tundu lake. Ingekuwa raha sana kunyamaza. Angeweza kunyamaza mpaka Jumamosi, akaketi kwenye gari la bibi harusi amenuna.

"Vidole vinauma?" akauliza.

Faustina alimtazama kama amesikia lugha ngeni. "Kidogo."

"Nionyeshe."

Hakumwonyesha. Aliketi polepole kwenye ukingo wa kochi. Redio iliendelea kunong'ona. Kisha, bila kumwangalia, akasema, "Ile televisheni ya zamani haikuunguzwa na umeme. Niliidondosha nikifagia."

Sosthenes akasikia masikio yakimwaka moto. Alikwenda kugombana na watu wa umeme kwa ajili ya televisheni ile. Aliwatukana.

"Sawa," akasema.

"Na zile mbegu zilizoloa ghalani. Paa halikuvuja. Nilisahau kufunga dirisha."

Paa lile alilipanda mwenyewe, akagongelea bati jipya, akaanguka, akachechemea mwezi mzima. Alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Sawa, Mama Joyness. Na nyingine?"

Faustina aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mbwa ambaye umeambiwa haumi. Pembeni mwa midomo yake palikuwa na kicheko kinachotaka kutoka. Sosthenes akakisubiri kwa uchu, akakiombea kitoke.

"Zipo," alisema. "Lakini za leo zinatosha."

Akanyanyuka kwenda kuosha vyombo. Sosthenes akamtangulia, akamchukulia sufuria mkononi kwa sababu ya vidole vile, akaenda kuosha yeye, huku akijiuliza ni ngapi kati ya hizo zilizobaki ambazo Adrian anazijua tayari.